Sahihi Kumi na Sita

Kristina alifika wodini wiki ya pili baada ya Pasaka. Mumewe alikuwa amembeba mtoto wao wa mwezi mmoja na nusu, na yeye alikuwa amejifunga kanga tatu, moja juu ya nyingine. Alionyeshwa kiti akabaki amesimama. Alipoonyeshwa mara ya pili, mumewe ndiye aliyejibu.

"Atalowesha, daktari. Ndiyo maana hakai."

Daktari Catherine Kitundu alichukua mpira wa kitandani akautandika juu ya kiti kwa mkono wake mwenyewe. "Kaa, mwanangu," alisema. "Hapa wanakuja wengi kama wewe."

Kristina akakaa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka Kinyangiri. Alijifungua kwa upasuaji kwenye kituo cha afya huko huko wilayani Mkalama, na tangu siku ya tano baada ya kujifungua mkojo ulikuwa ukimtoka wenyewe, amelala au amesimama. Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Kisimani alikwenda mchana wa jua kali, saa ambayo wenzake hawapo.

Daktari Catherine alikuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, na kwa miaka mingi alikuwa peke yake katika hospitali ile ya mjini Singida. Wanawake walitoka Mgori, Ikungi, hata Kintinku kule Manyoni, wakimuulizia kwa jina. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mjane, mtu wa maneno machache. Manesi walimwogopa kidogo na wagonjwa walimpenda.

Abraham, mume wa Kristina, alitoa barua ya rufaa kwenye mfuko wa shati. Barua za namna hiyo huwa na mistari mitatu au minne. Hii ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, imeandikwa kwa mkono, na daktari aliyeiandika hakuficha kitu. Alieleza uchungu uliochukua siku mbili, mtoto aliyekwama, saa aliyoamua kupasua. Kisha aliandika: "Nadhani nilikijeruhi kibofu cha mkojo na sikutambua. Kosa ni langu. Naomba mgonjwa aonwe na Dkt. Kitundu mwenyewe."

Chini yake kulikuwa na jina la Calist.

Catherine aliisoma mara mbili. Akampima Kristina, akalikuta tundu, dogo kama punje ya uwele, mahali ambapo hata daktari mchanga hapaswi kufika na kisu kama amefundishwa kukisukuma kibofu chini kwanza. Akawaeleza wote wawili kwamba hiyo ni fistula, kwamba inashoneka, lakini ni lazima wasubiri miezi mitatu jeraha la ndani litulie. Abraham aliuliza maswali mazuri naye akayajibu yote. Walipotoka, alifunga mlango na kukaa, na mgonjwa aliyefuata alisubiri muda mrefu nje bila kuitwa.

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, Calist alikuwa daktari tarajali katika hospitali ile ile. Alikuwa amemaliza chuo, na sheria ilimtaka afanye kazi mwaka mmoja chini ya wakubwa zake kabla ya kupewa leseni kamili. Kwa miezi mitatu ya mwaka huo alikuwa chini ya Catherine. Alitakiwa afanye upasuaji wa kujifungua mara ishirini, bingwa akiwa amesimama pembeni yake, na kila mara iandikwe kwenye kitabu chake cha mafunzo na kutiwa sahihi.

Lakini mwaka ule Catherine alikuwa amefungua kliniki yake mwenyewe mjini, nyuma ya duka la dawa la mzee Chhotalal. Ifikapo saa sita mchana alikuwa ameshavua koti la hospitali. Mtu wa kubaki wodini alihitajika, na Calist alikuwa mwaminifu, hachoki, hasemi hapana. Akawa yeye ndiye wodi. Alipokea wagonjwa, aliandika dawa, aliongea na ndugu. Wakati wenzake wanaingia thieta kupasua, yeye alikuwa huku nje akimshikia bingwa wake zamu.

"Dokta, mimi nitaingia lini?" aliuliza siku moja.

"Wiki ijayo," Catherine alisema. Na wiki iliyofuata alisema vile vile.

Siku ya mwisho, Calist alileta kitabu chake. Kilikuwa na mistari minne iliyojazwa, na kumi na sita mitupu. Hakuja kuomba sahihi za bure. Alikuja kuomba wiki mbili zaidi.

"Nitaongea na Mganga Mfawidhi mwenyewe," alisema. "Nitasema nimechelewa. Sitasema kwa nini."

Catherine aliangalia saa. Kliniki kulikuwa na watu wanamngoja. Na zaidi ya hapo, aliona wazi jinsi Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, atakavyouliza kijana huyu alikuwa wapi miezi mitatu, na jibu litakuwa nini.

"Jaza," alimwambia. "Chukua namba za mafaili kwenye rejesta ya thieta. Wewe una akili, haya mambo utayazoea huko mbele."

Calist akaenda akajaza, akarudi, na Catherine akasaini mistari kumi na sita bila kuketi. Sista Winfrida, muuguzi wa thieta, alikuwa mezani pa pili akihesabu glovu. Aliona, akaendelea kuhesabu.

Sasa, baada ya Kristina kuondoka, Catherine alimpigia Calist simu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mgonjwa wako amefika."

Calist akasema, "Kibofu kilikuwa kimepanda juu sana. Nilipokiona nilidhani ni kizazi. Tangu nimefika hapa nimeshafanya operesheni nyingi, zikaenda vizuri, nikajiona nimejua. Lakini ngumu kama ile sikuwahi kuiona hata mara moja mtu akiifanya."

"Najua."

"Mumewe ameandika barua kwa baraza linalosimamia madaktari. Aliniambia mwenyewe, ana haki. Wataniita." Akavuta pumzi. "Usiwe na wasiwasi, Dokta. Sitakutaja. Nitasema nilifundishwa vizuri, uzembe ni wangu."

Catherine alipaswa kumwambia hapana. Badala yake alisema, "Jitahidi ule na ulale." Alipokata simu alihisi mwili wake umelegea kwa nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Siku ile alikula chakula cha mchana akamaliza sahani. Baadaye aliichukia siku hiyo kuliko hata siku aliyosaini.

Mwezi wa saba alimfanyia Kristina upasuaji. Alifanya polepole kuliko kawaida yake, na Sista Winfrida akimpa vifaa. Ilichukua saa mbili na nusu. Kwa wiki mbili Kristina alilala na mpira wa mkojo, na kila asubuhi Catherine alipita kitandani kwake kabla ya wagonjwa wengine. Siku mpira ulipotolewa, wote walingoja. Kristina alitembea mpaka mwisho wa wodi akarudi, akakaa juu ya shuka, akainuka. Shuka lilikuwa kavu.

Hakupiga kelele. Alikaa tena, akaweka mkono kwenye shuka akaupapasa, kisha akaanza kulia bila sauti.

"Mama," alimwambia Catherine, "mimi nitakuombea mpaka nife."

Abraham alikuja kumchukua na debe dogo la njugu mawe. Walipokuwa wakisubiri karatasi za kuruhusiwa, alimwonyesha Catherine nakala ya malalamiko yake. Alikuwa ameyaandika kwenye karatasi za daftari la shule, kwa herufi kubwa zilizonyooka.

"Sikuandika kwa hasira," alisema. "Yule daktari alikuja nyumbani mara tatu kutuomba radhi. Lakini nikasema, kesho atapasuliwa mke wa mwingine. Daktari, mtu kama yule alijifunzia wapi?"

Catherine alikuwa ameshika kalamu. "Sijui," alisema.

Ni neno moja tu, lakini lilimfuata nyumbani. Alizigawa zile njugu mawe kwa manesi, zote, hakubakiza hata za kuonja. Kliniki alifunga mapema siku hiyo, na siku iliyofuata, na mwisho wa wiki akamwambia mzee Chhotalal kwamba chumba atakiachia. Mzee aliuliza kama kuna tatizo la choo au umeme. Alisema hapana.

Mwezi wa tisa ilikuja barua. Baraza lilimwita Dodoma kama shahidi, athibitishe mafunzo ya Calist, na hospitali ilitakiwa kutuma kitabu na nakala ya rejesta ya thieta. Catherine alimkuta Winfrida kwenye chumba cha kuchemshia vifaa.

"Umesikia nimeitwa?"

"Nimesikia, Dokta." Winfrida aliendelea kupanga mikasi kwenye trei. "Mimi hawajaniita. Wakiniita nitasema nilichokiona."

"Kwa nini hukusema wakati ule?"

Winfrida aliinua macho. "Ningemwambia nani? Mtu wa kuambiwa ulikuwa wewe."

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kawaida, wenye feni mbili na meza ndefu. Wajumbe walikuwa watano. Calist alikuwa amekonda, koti limemzidi mabegani. Alisimama akasema kama alivyoahidi: alifundishwa ipasavyo, alifanya upasuaji mara ishirini chini ya usimamizi, kosa lilitokana na yeye kutokuwa makini. Abraham alikaa nyuma, mikono magotini, akisikiliza kila neno.

Mwenyekiti, daktari mzee mwenye sauti ya chini, alimgeukia Catherine na kumsogezea kile kitabu.

"Dokta Kitundu, sahihi hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Ulimwona kwa macho yako akifanya upasuaji huu wote ishirini?"

Catherine alifungua ukurasa. Mistari minne ya kwanza ilikuwa ya wino mweusi, ya siku mbalimbali. Mingine yote ilikuwa ya bluu, kalamu moja, mwandiko unaokimbia. Mtu yeyote mwenye kuangalia angeona. Alijua hapo kwamba angeweza kusema ndiyo, na labda wangekubali, maana alikuwa na jina.

"Nilimwona mara nne," alisema.

"Na hizi kumi na sita?"

"Hakuzifanya. Alikuja kuniomba muda zaidi ajifunze, nikamnyima. Mimi ndiye niliyemwambia ajaze. Miezi ile nilikuwa nikimwacha wodini ili niende kwenye kliniki yangu."

Calist aliinamisha kichwa. Mjumbe mmoja, mwanamke mwenye miwani, alikuwa akiandika. Aliacha kuandika akauliza swali ambalo Catherine alikuwa hajajiandaa nalo, ingawa alikuwa akiishi nalo miezi yote ile.

"Je, wapo wengine uliowasainia hivyo?"

Feni zilizunguka. Catherine alifikiria kwamba kwa hao wengine hakukuwa na mgonjwa aliyelalamika, wala barua ya daftari. Wako kazini huko, wana maisha yao.

"Wapo wawili," alisema. "Witness, yuko wilaya ya Manyoni. Na Bhargav, alikwenda Tabora. Si nyingi kama za huyu. Lakini zipo."

Mwenyekiti alimwomba arudie majina taratibu ili yaandikwe vizuri.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Leseni ya Catherine ilisimamishwa mwaka mmoja, na baada ya hapo hataruhusiwa kusimamia daktari tarajali yeyote kwa miaka mitano. Calist hakufutwa. Alirudishwa kwenye mafunzo ya upasuaji kwa miezi tisa, katika hospitali nyingine, asipasue mtu akiwa peke yake mpaka wakubwa wake wathibitishe mbele ya baraza. Witness na Bhargav waliitwa wapimwe. Witness alikutwa anafanya vizuri, kwa sababu alipofika Manyoni alimpata mkubwa aliyemshika mkono. Bhargav alirudishwa mafunzoni.

Catherine alimpigia Calist kumpa pole. Simu haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, Calist akapokea.

"Ningebeba peke yangu," Calist alisema. Hakuamkia. "Ningeitwa mzembe, basi. Mzembe hujirekebisha. Sasa kila nitakapokwenda watasema yule hakufundishwa, alighushi kitabu. Ulikuwa unamsaidia nani pale, Dokta? Mimi au roho yako?"

"Sijui, Calist. Lakini ulikuwa hujui kazi, na nilikuwa najua kwamba hujui."

"Nilikuomba wiki mbili."

"Uliniomba."

Calist akasema anaitwa, akakata simu.

Ilibaki safari moja. Abraham alikuwa ameyasikia yote kikaoni, lakini aliondoka Dodoma bila kumsemesha Catherine. Kristina hakuwepo. Catherine aliona kwamba yule aliyelazwa mezani ana haki ya kuambiwa uso kwa uso. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu ya kwanza yakiwa yamekusanyika, aliendesha gari mpaka Iguguno, akaacha lami, akafuata vumbi kuelekea Kinyangiri, akiuliza njia.

Aliwakuta nyumbani. Abraham alikuwa akikarabati zizi, Kristina akipepeta mbegu za alizeti kwenye ungo. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameanza kuota meno. Kristina alifuta mikono, akaja kuamkia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimepona kabisa."

Aliletewa kigoda. Abraham alisalimia kwa mkono akabaki amesimama. Yeye na mkewe walisemezana maneno machache kwa Kinyiramba. Catherine ni Mnyaturu, hakuyaelewa, na hakuthubutu kuuliza.

"Mumeo amekwambia?" alianza.

"Ameniambia. Nikasema labda hakusikia vizuri."

"Amesikia vizuri. Yule kijana nilikuwa mwalimu wake. Nilisaini kwamba anajua kupasua, wakati hajui. Na Abraham aliponiuliza, kule hospitali, alijifunzia wapi, nilimwambia sijui. Nilikuwa namdanganya."

Kristina alirudi kwenye ungo wake, akakaa chini, lakini hakupepeta.

"Siku unasaini, ulijua hajui?"

"Nilijua."

"Na siku unanishona mimi, ulijua ni kwa ajili ya hiyo sahihi?"

"Nilijua."

"Ukawa unakuja kila asubuhi kitandani, unaniuliza nimelalaje." Kristina alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Mimi nilidhani unanipenda tu. Niliwaambia watu kanisani kuna mama mjini, yule si daktari, yule ni malaika. Nimekuombea hapa kila siku. Sasa hayo maombi sijui niyafanyeje."

Mtoto alitambaa mpaka kwenye kigoda, akashika pindo la sketi ya Catherine. Yeye hakujua kama anaruhusiwa kumwinua, kwa hiyo alimwacha ashike.

Abraham ndiye aliyeuliza. "Watoto wengine tunaweza kupata?"

"Mnaweza. Lakini asizalie hapa, wala kituoni. Mimba ikifika miezi minane aje mjini akae karibu na hospitali. Ni lazima apasuliwe, na apasuliwe na anayejua."

"Wewe hutanipasua," Kristina alisema.

"Mwaka huu sina leseni."

"Hata wakikurudishia."

"Sawa," Catherine alisema. "Yupo bingwa mpya, Jesca, aliyekuja mwaka jana. Mwulizieni huyo."

Abraham alitoa simu akaandika jina. Kristina alimgeukia Catherine.

"Huyo umemwona mwenyewe akifanya?"

"Nimesimama naye thieta zaidi ya mara thelathini. Ni mzuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake."

"Haya," Kristina alisema, akashika ungo.

Hawakumfukuza. Alipewa uji wa uwele, akanywa, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Kisha Abraham akamsindikiza mpaka kwenye gari na kumwonyesha njia fupi ya kutokea barabarani.

Mwaka wake ulipoisha alirudi kazini. Dokta Jesca ndiye sasa mkuu wa wodi, na madaktari tarajali ni wake. Catherine hufanya zamu kama wengine na haondoki kabla ya muda. Calist alimaliza mafunzo yake, akathibitishwa, yuko kazini. Wakikutana kwenye mikutano ya mkoa humwamkia, kwa sababu amelelewa hivyo, na hawaongezi neno. Kristina hajaonekana tena wodini. Kila mara akina mama wa upande wa Mkalama wanapofika, Catherine hutazama nyuso zao kwanza, kisha ndipo achukue faili.

Wagonjwa bado humshukuru. Mwingine hushika mikono yake miwili na kusema Mungu akubariki, mama. Yeye huitikia haraka, akageukia kitanda kinachofuata.